Kikapu cha Nazibrola

Chumba chetu kilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya jiko la kantini,
kwa hiyo filamu zote, za vita na za mahaba,
zilinuka vitunguu kabla hazijafika Moscow.
Tbilisi, baridi ya mwaka sabini na nne.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa na mkasi wa kuazima.

Nazibrola alinianzishia mlango.
Mlango mmoja wa ghala, umepigwa picha mara moja tu,
sekunde arobaini, hakuna anayeufungua.
Studio haikuwa na fedha za mlango wa pili.

Katika kichekesho aliuacha sekunde moja,
akaufuatisha uso wa karani aliyetapakaa unga.
"Ukichelewa fremu tatu, watakuwa wameshafikiri.
Mtu akishafikiri hacheki."
Mkasi. Utepe ukajikunja, ukatumbukia kikapuni.

Mwezi wa pili, mlango uleule
ukaingia kwenye filamu ya mzimu wa kiwanda cha mvinyo.
Safari hii hakuukata.
Aliuacha, akazidi kuuacha, nikajikuna shingo,
Otar wa projekta akajikohoza kule gizani,
na mlango ulikuwa bado mlango tu.
"Mimi simtishi mtu," alisema.
"Nawapa nafasi, wanajitisha wenyewe."

Vita alivikata kama mvua ya mawe juu ya bati:
buti, tope, mdomo, buti, farasi asiye na mtu.
Mwongozaji alilalamika haelewi nani kampiga nani.
Akamwuliza: yule askari alielewa?

Kwa wapenzi mkono wake ulikuwa mzito.
Msichana keshaaga, keshageuka, treni imeshaondoka,
Nazibrola bado anamtazama mvulana
alivyoshika kofia isiyo yake.
"Neno likitoka, usitoke nalo. Kaa."

Nikadhani nimehitimu.
Nikaandika ukutani kwa penseli:
kicheko, wahi; hofu, chelewa; vita, usihesabu; mapenzi, kaa.
Alisoma, akaguna, hakufuta.

Kisha wakatuletea Darejan.
Hakuwa mwigizaji. Mama wa milimani, Svaneti,
anachambua sufu, anaulizwa habari za mwanawe
na theluji iliyoporomoka.
Anajibu nusu. Mikono inasimama.
Sekunde kumi na moja, hakuna kitu.

Nazibrola alikuwa kwa daktari wa meno.
Nikatazama ukuta wangu, haukuniambia neno.
Nikaona ni muda uliokufa.
Nikaukata. Kazi safi, hata mshono huuoni:
mama anajibu nusu, mama anachambua sufu.

Alirudi shavu limevimba, akaketi, akatazama.
Hakupandisha sauti. Hakuniita mjinga.
Alivaa miwani, akapiga magoti mbele ya kikapu.

Mwaka mzima ulikuwa mle.
Tulivuta utepe mmoja mmoja, tukauinua kwenye taa:
unga wa karani, buti, kipande cha mlango,
farasi, kipande kingine cha mlango, busu lililozidi urefu.
Kati ya nyuso zote zilizopiga kelele bila sauti
tulimtafuta mmoja aliyenyamaza.
Chini yetu wapishi walifunga, wakaondoka.
Chini yetu wapishi walirudi, wakawasha moto.

Otar ndiye aliyemwona, amenasa kwenye soli ya kiatu changu.
Fremu mia mbili sitini na nne,
mbili zimechanika, hazifai tena.
Nazibrola akamrudisha mama mahali pake,
akanipa mimi nibandike gundi.
Shavu lake liliruhusu maneno machache:
"Huyu hana kanuni. Huyu ana mwanawe."

Nimeiona filamu ile mara tano, katika kumbi tatu.
Katikati ya ule ukimya picha inaruka kidogo,
kama kope iliyopigwa, kama moyo uliokosa hatua.
Ni zile fremu mbili. Ni kiatu changu.

Kutaisi, ukumbi umejaa, mwanamke wa kiti cha jirani
alinishika mkono bila kunijua, akanong'ona:
"Umeona alivyoshtuka? Hapo ndipo alipomwona."

Sikumjibu.